Maswali ya Wasomaji: Fungu la ngoma hupotelea wapi?

Safari hii tumejibu barua saba kutoka Mtwara na Lindi. Zote zinauliza kuhusu fedha za Serikali kwa ajili ya sanaa: hupangwa lini, huombwa kwa nani, na kwa nini hazifiki. Barua tumezifupisha.

Shikamooni. Sisi ni kikundi cha ngoma cha akina mama. Mwezi Mei tulimwandikia mbunge wetu kuomba Serikali itutengee fedha za vyombo na mavazi. Alitujibu kwa heshima kwamba tumechelewa. Lakini Bunge la bajeti ndiyo kwanza lilikuwa linaendelea! Tumechelewaje? — Katibu wa kikundi, Newala

Marahaba, katibu. Mbunge wenu amesema kweli, ingawa angewaeleza na sababu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kinachosomwa Dodoma kuanzia Aprili ni chungu kilichokwisha epuliwa. Jikoni kwenyewe moto huwashwa mapema zaidi. Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti hutoka karibu na Novemba, nao hufuatwa na ukomo, yaani kiasi ambacho kila wizara, mkoa na halmashauri hairuhusiwi kukivuka. Desemba na Januari halmashauri hupanga makisio yake. Januari au Februari Baraza la Madiwani huyapitisha, kisha hupita Kamati ya Ushauri ya Mkoa, halafu TAMISEMI (ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Hazina huyachambua. Machi kamati za Bunge hupitia makadirio ya wizara. Tarehe husogea wiki mbili tatu kila mwaka, kwa hiyo muulizeni afisa mipango wa halmashauri yenu ratiba ya mwaka husika. Ipo kwenye karatasi, na kuiuliza si kosa.

Kuna sababu nyingine, tena ni ya kikatiba. Ibara ya 99 hairuhusu Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi wala la kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe amelipendekeza na Waziri amelileta bungeni. Mbunge wenu, hata angewapenda vipi, hawezi kusimama mwezi Mei akaongeza shilingi milioni 10 za vyombo vya ngoma kwenye kitabu. Anachoweza ni kubana. Makadirio ya wizara yanapopitishwa kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo hushika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi apate jibu. Mara nyingi jibu hilo huwa ni ahadi, na ahadi ikishaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge ina thamani yake. Mnaikata, mnaibandika kwenye ombi lenu la Novemba.

Watu wa kusini hawahitaji mfano wa mbali. Juni 2018 Muswada wa Sheria ya Fedha ulipeleka ushuru wote wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje kwenye Mfuko Mkuu, ilhali kabla ya hapo asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye tasnia. Wabunge wa mikoa yenu waliupinga vikali. Muswada ukapita. Ikiwa korosho, zao linalolisha mikoa miwili, halikuweza kujitetea mwezi Juni, ngoma itajiteteaje Mei?

Barua yenu ya Mei ni nzuri. Iandikeni upya Septemba, na safari hii isiende kwa mbunge.

Vijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Tunataka halmashauri itenge fedha za tamasha la ngoma la wilaya kila mwaka. Twende kwa nani, na twende na nini mkononi? Maneno tunayo ya kutosha. — Mwalimu mstaafu, Nachingwea

Shikamoo, mwalimu. Maneno yapunguzeni, ongezeni hesabu.

Anzeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, au wa mtaa kwa walio mjini, kabla Oktoba haijaisha. Mkutano huo ndio unaozalisha kitu ambacho ofisi yoyote ya juu italazimika kukiangalia, nacho ni muhtasari uliosainiwa unaosema wananchi wameibua tamasha la ngoma kama kipaumbele. Muhtasari huenda kwa mtendaji wa kata na kuingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani. Pateni vijiji vitatu vinne vya kata tofauti vyenye muhtasari unaofanana, ombi lisije likaitwa la kikundi kimoja.

Wakati huohuo nendeni kwa mkuu wa Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo. Tangu muundo mpya wa halmashauri wa mwaka 2022 hiki ni kitengo kinachojitegemea, na kwa hiyo kinaweza kuwa na shughuli zake kwenye bajeti. Huyu ndiye mtu wenu. Mara nyingi yuko peke yake, usafiri hana, na kwenye kikao cha menejimenti hupewa dakika chache baada ya elimu, afya na ujenzi kumaliza. Mpeni karatasi ambayo anaweza kuinakili moja kwa moja kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta ambamo halmashauri huandaa bajeti yake. Shughuli ambayo haimo PlanRep haipo, hata kama mkurugenzi aliipigia makofi uwanjani.

Karatasi yenyewe isizidi ukurasa mmoja: jina la shughuli, mahali, mwezi, idadi ya washiriki, mchanganuo, na chanzo cha fedha, ambacho kwenu kitakuwa mapato ya ndani. Huu hapa ni mfano wa tamasha la siku mbili lenye vikundi 12 vya watu 15, yaani watu 180. Bei ni za kielelezo, nyie wekeni za kwenu.

Chakula: watu 180 × siku 2 × 6,000 = 2,160,000
Nauli kwenda na kurudi: vikundi 12 × 150,000 = 1,800,000
Malipo ya vikundi: 12 × 200,000 = 2,400,000
Spika na jenereta: siku 2 × 400,000 = 800,000
Jukwaa na turubai: 500,000
Kurekodi sauti na picha: 600,000
Ulinzi, usafi na huduma ya kwanza: 300,000
Jumla: shilingi 8,560,000

Ambatisheni profoma (karatasi za bei) za spika na turubai kutoka kwa watoa huduma wawili. Kisha andikeni sentensi moja ya ulinganisho. Kwa halmashauri inayokusanya bilioni 4 za mapato ya ndani, tamasha hili linakula shilingi 2 na senti kidogo katika kila shilingi 1,000. Madiwani huikumbuka sentensi ya aina hiyo.

Yanayoharibu maombi ya namna hii yanajulikana. La kwanza ni kuandika "kuwezesha wasanii" bila kutaja shughuli. Afisa mipango hawezi kuipa kasma, yaani mstari wake kwenye bajeti, na hata akiipa, fedha hiyo itakuwa ya kwanza kuhamishwa kwa kuwa haina kazi maalumu. La pili ni kuomba milioni 50 duara, kiasi kinachomwambia msomaji kwamba hamkupiga hesabu. La tatu, ambalo sisi tunaliona baya kuliko yote, ni kukubali sanaa na michezo vikae kasma moja. Mkikubali, UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya shule za msingi na sekondari, vitaimaliza hiyo kasma kabla hamjafunga njuga, maana safari za wanafunzi zina tarehe ya taifa na haziahirishwi. Dai kasma ya peke yake hata kama ina milioni 3 tu. Kasma ikishakuwepo, mwaka unaofuata mnadai iongezwe, na kuongeza ni rahisi kuliko kuanzisha.

Ombi likishaingia, lifuateni. Linapita menejimenti, halafu kamati ya kudumu inayobeba huduma za jamii, halafu Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, halafu Baraza. Kamati ya Fedha ndiyo yenye kisu. Wiki moja kabla haijakaa, madiwani wake wawe wameiona karatasi yenu, na mmoja wao awe amekubali kuisemea. Mikutano ya Baraza ni ya wazi, nendeni mkakae nyuma mkiwa wengi, kimya, na mavazi yenu ya ngoma. Ngoma zenyewe acheni nyumbani siku hiyo.

Neno la pembeni kwa vikundi vya Kimakonde. Kabla ya kuandika mapiko (ngoma ya vinyago vya kuvaa) kwenye ombi, wazee waamue kipi kinatoka hadharani na kipi kinabaki kwa waliopita jandoni. Fedha ya Serikali huja na kamera na taarifa ya utekelezaji. Ni bora mgongano huo muumalize Septemba kijijini kuliko siku ya tamasha mbele ya mkuu wa wilaya.

Tukitumbuiza bure kwenye mikutano ya viongozi, je, inasaidia tukumbukwe kwenye bajeti? — Msomaji, Ruangwa

Inasaidia mkumbukwe kwenye mkutano unaofuata. Tumbuizeni mkipenda, lakini kila mara andikeni ankara inayoonyesha gharama halisi (nauli, chakula, muda), halafu chini yake muandike kwamba mmejitolea. Ankara 8 za namna hiyo kwa mwaka ni ushahidi kwamba halmashauri tayari inatumia huduma yenu bila kuilipia, na hiyo ni hoja ya kasma.

Mimi ni mchongaji. Diwani wetu akisikia neno sanaa husema, "Zahanati haina dawa, nyie mnataka vinyago?" Wote hucheka na mimi hunyamaza. Nimjibu nini? — Mchongaji, Mikindani

Usimjibu kwa kushindana na dawa, utashindwa na utastahili kushindwa. Muulize swali la uhasibu: hiyo dawa inalipwa na fungu gani? Kwa sehemu kubwa dawa za zahanati hutokana na fedha zinazopelekwa Bohari ya Dawa, Mfuko wa Pamoja wa Afya, na michango ya wagonjwa na bima. Milioni 4 za wachongaji zikifutwa kwenye mapato ya ndani haziendi zahanati kwa kuwa tu zimefutwa. Zitakwenda kwenye kitu kingine ndani ya kapu lilelile: posho za vikao, mafuta ya magari, matengenezo ya ofisi. Linganisha ombi lako na vitu vya kapu lako. Kicheko kitapungua.

Kisha badilisha ombi lenyewe. Mchongaji haombi "fedha za sanaa", anaomba miundombinu ya uzalishaji. Banda la pamoja lenye sakafu ya saruji, umeme, mashine ya kukereza, stoo ya kukaushia magogo na sehemu ya kuuzia ni mradi wa maendeleo. Unakaa upande uleule wa bajeti na soko na stendi, na halmashauri inalazimika kutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa upande huo. Tamasha ni matumizi ya kawaida, lakini banda ni mali itakayoingia kwenye daftari la mali za halmashauri. Mhandisi wa halmashauri anapaswa kulichorea na kulikadiria gharama, kwa hiyo mwone Oktoba. Ukimfuata Januari atakuwa amezama kwenye madarasa.

Hoja ya mpingo itumie vizuri, kwa sababu huku kusini mna kitu ambacho wachongaji wa Dar es Salaam hawana. Mti upo karibu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Gogo halali likichongwa Mtwara, ujira unabaki Mtwara. Likichongwa na kuuzwa kwenye vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam, halmashauri yako inaambulia ushuru wa gogo. Diwani anayezijua hesabu za korosho ghafi na korosho iliyobanguliwa hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kuhusu takwimu za taifa, zitumie kwa adabu. Ni kweli kwamba sanaa na burudani ilikuwa shughuli iliyokua kwa kasi kuliko zote mwaka 2021, kwa asilimia 19.4. Lakini kundi hilo la takwimu, kwa utaratibu wa kimataifa, hubeba pia michezo ya kubahatisha na viwanja vya michezo, na mchango wake wote katika Pato la Taifa hauzidi asilimia 1. Mchumi wa mkoa analijua hilo. Ukimwambia kwamba vinyago vimekua kwa asilimia 19.4 atakuuliza swali moja tu na utakuwa umekwisha. Takwimu yenye nguvu ni ya kwako mwenyewe: wachongaji wangapi, vinyago vingapi kwa mwezi, vimeuzwa kwa bei gani, kwa miezi 12 mfululizo, kwenye daftari.

Na usiahidi kwamba mradi utajilipa wenyewe. Chukua lile tamasha la Nachingwea hapo juu. Meza 60 za wafanyabiashara zikilipa 3,000 kwa siku kwa siku mbili, halmashauri inapata 360,000. Matumizi ni zaidi ya milioni 8. Faida nyingine ipo, kwenye nyumba za wageni, bodaboda na mama lishe, lakini haiingii kwenye akaunti ya halmashauri. Lisemeni hivyohivyo lilivyo. Mtu anayeahidi faida huulizwa faida mwaka unaofuata.

Natengeneza muziki, nina studio ndogo. Halmashauri naielewa, lakini mimi naona mambo makubwa yako Dodoma: kodi ya vyombo, mirabaha, mfuko wa wasanii. Mtu wa Lindi anaingiaje kwenye mazungumzo hayo? — Msanii, Lindi mjini

Dodoma kuna milango mitatu, na kila mmoja una wakati wake.

Mlango wa kwanza ni wa matumizi. Wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa iko Fungu 96; fungu ni namba ya wizara au mkoa kwenye vitabu vya bajeti. Vitabu vya makadirio vinapatikana kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Kitabu cha Pili kina matumizi ya kawaida ya wizara, cha Tatu ni cha mikoa, na humo Lindi ni Fungu 76 na Mtwara Fungu 80, cha Nne ni cha miradi ya maendeleo. Soma Fungu 96 kwenye cha Pili na cha Nne, kisha fungua hotuba ya bajeti ya Waziri. Hotuba hiyo hueleza fedha zilizoidhinishwa na zilizopokelewa hadi mwezi fulani wa mwaka unaoisha. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo hoja yako. Ipeleke mwezi Machi, kwa maandishi, kwa wajumbe wa Kamati ya Bunge inayosimamia utamaduni, pamoja na maswali mawili matatu yaliyokwisha andaliwa. Wajumbe hupewa randama (maelezo ya makadirio) za wizara zenye kurasa nyingi na muda mfupi, kwa hiyo swali lililotaja fungu, kifungu na kiasi huwasaidia kuliko malalamiko ya kurasa sita.

Mlango wa pili ni wa mapato, na kwa maoni yetu ndio uliowapa wenzenu mafanikio. Michezo ilipata chanzo chake hivi: tangu mwaka wa fedha 2021/22, asilimia 5 ya kodi inayotokana na kubashiri matokeo ya michezo huenda Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mwaka huohuo nyasi bandia za viwanja zikaondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa masharti. Sanaa ilifuata mwaka 2023, Sheria ya Fedha ilipoleta tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi. Chanzo kilichoandikwa ndani ya sheria hakibishaniwi upya kila Novemba.

Kwa nini nyasi bandia zilipita? Zilikuwa kitu kimoja chenye matumizi yanayoonekana. Msamaha wa "vifaa vya muziki" ni mgumu kwa sababu hauna mipaka. Ala za muziki ziko Sura ya 92 ya jedwali la forodha, lakini maikrofoni, spika na vikuza sauti viko Sura ya 85, pamoja na vya baa, misikiti, makanisa na nyumbani. Ofisa wa Hazina ataona mara moja kwamba msamaha huo utaliwa na wafanyabiashara wa vifaa vya umeme. Omba kidogo: nyuzi, mianzi ya ala za upepo, vipuri. Ngoma ziacheni nje ya orodha, maana mafundi wa ngoma wa kwetu nao wanahitaji soko.

Kumbuka ushuru wa forodha haupangwi na Dodoma peke yake. Viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na mabadiliko hukubaliwa na mawaziri wa fedha wa Jumuiya kabla ya bajeti kusomwa Juni. Ombi la forodha likifika Juni limekwishakufa. Wizara ya Fedha hutangaza wito wa maoni ya kodi na tozo miezi mingi kabla, na huo ndio wakati wako. Juni inabaki nafasi moja. Muswada wa Sheria ya Fedha ukishawasilishwa, Kamati ya Bajeti huwasikiliza wadau, na marekebisho ambayo Serikali imekubali huletwa na Serikali yenyewe. Nenda na jedwali la safu tatu: maneno ya kifungu yalivyo, maneno mnayopendekeza, na athari kwa mapato kwa shilingi. Safu ya tatu ndiyo wasanii huiacha tupu, na ndiyo ya kwanza kusomwa.

Si lazima usafiri. Maoni ya maandishi hupokelewa. Ila yatumwe kupitia shirikisho au chama kilichosajiliwa, kwa barua yenye kumbukumbu namba, kwani sauti ya studio moja huhesabiwa kuwa ombi binafsi.

Mlango wa tatu ni Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Wengi hudhani kwamba hugawa ruzuku. Kazi yake kuu ni mikopo kupitia benki. Mkopo ni mzuri kwa studio yenye wateja, lakini haulipi tamasha la kijiji. Hali ni hiyohiyo kwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini inarudishwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Mbona hotuba ya Wizara ya utamaduni haiyataji? — Msomaji, Kilwa Masoko

Kwa sababu malikale ziko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, Fungu 69. Ngoma inayochezwa mbele ya gofu ni ya wizara moja, gofu ni la nyingine. Mkiomba fedha za tamasha litakalofanyika kwenye magofu, andikeni barua mbili tofauti, na ya Fungu 69 iongelee wageni na viingilio.

Bajeti yetu ya sanaa ilipitishwa na Baraza: milioni 6. Mwaka umeisha hatujaona hata senti. Nani ametuibia? — Wanachama wa kikundi, Masasi

Huenda hakuna aliyeiba. Bajeti iliyopitishwa ni ruhusa ya kutumia fedha zikipatikana, na kwenye mikoa yenu kupatikana kwenyewe kunafuata korosho. Minada huanza karibu na Oktoba, kwa hiyo ushuru wa mazao huingia kwa wingi kati ya Oktoba na Januari. Julai hadi Septemba ushuru wa korosho haujaanza kuingia. Sasa tazameni mliweka shughuli yenu mwezi gani. Vikundi vingi huandika Julai au Agosti, maana ndipo mavuno yamekwisha na ngoma za jando zimepamba moto. Kiutamaduni ni sawa kabisa. Kifedha mmeomba maji mtoni wakati wa kiangazi. Robo ya kwanza inapita bila fedha, shughuli inaitwa "haikutekelezwa", na Januari kwenye mapitio ya nusu mwaka fedha yenu huhamishiwa kwenye kitu kilichokwama.

Andikeni shughuli iwe Novemba au Desemba. Ikiwa lazima iwe Agosti, ombeni manunuzi ya vitu visivyooza (ngozi, njuga, mavazi) yafanyike Desemba kwa ajili ya Agosti inayofuata.

Kisha kuna makaratasi ambayo fedha huyasubiri. Kikundi kiwe na usajili hai wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), akaunti ya benki kwa jina lilelile lililo kwenye cheti, na watia saini wasiopungua wawili walio hai na wanaoishi wilayani. Jina la cheti na la benki likipishana hata herufi moja, malipo hukwama kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, na hakuna mtu atakayewapigia simu kuwaambia. Andikeni barua ya kuomba fedha kila robo mwaka, si mara moja, na kila barua ipigwe muhuri wa kupokelewa masjala. Mkuu wa kitengo naye aanzishe dokezo la malipo, yaani ombi la ndani la kuidhinisha malipo. Bila dokezo mhasibu hana cha kulipa hata kama fedha zipo.

Kuhusu kujua zilikokwenda: mwombeni mkurugenzi, kwa barua, taarifa ya mapato na matumizi ya kasma hiyo kwa robo zote nne, na nakala apewe diwani. Taarifa hizo huwasilishwa Kamati ya Fedha kila robo, kwa hiyo zipo tayari. Mkikuta fedha ilihamishwa, ulizeni kikao gani kiliidhinisha na tarehe yake. Mkikuta ilitolewa na ikalipwa kwa jambo lisilo lenu, hapo mna swali jingine, na mlipeleke kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri likiwa na nakala ya ukurasa wa bajeti. Aprili taarifa za Mkaguzi Mkuu huwasilishwa bungeni, zikiwamo za Serikali za Mitaa. Tafuteni halmashauri yenu humo kabla hamjaandika barua ya pili.